Tunda la Njiani: Riziki ya Msafiri Mnyonge katika Historia Yetu

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma, mavazi na majengo ya kale peke yake. Hukaa pia katika mambo madogo ambayo watu huyatenda kila siku pasipo kuyafikiri: jinsi ya kuamkiana, jinsi ya kumpisha mzee njiani, jinsi ya kugawana kilichopo. Katika makala haya tumekusudia kulichunguza jambo moja la namna hiyo. Jambo lenyewe ni tunda la njiani, yaani tunda linunuliwalo kwa sarafu ndogo, au liokotwalo chini ya mti, au litolewalo na mwenyeji bila malipo, likaliwa na mtu aliye safarini ambaye mkoba wake ni mwepesi.

Huenda msomaji akauliza: je, tunda nalo lina historia? Tunajibu kwamba linayo, tena ndefu. Vitabu vya safari vilivyoandikwa juu ya nchi zetu vimejaa majina ya manahodha, wapelelezi, matajiri wa pembe na magavana. Waliowabebea mizigo yao hawakuandikwa kwa majina, isipokuwa wachache. Lakini hao ndio waliokuwa wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyetembea miezi kadhaa bila kula. Ukitaka kumjua msafiri mnyonge wa zamani, mtafute katika kile alichokula. Na mara nyingi alama ya chakula chake ingali imesimama kando ya barabara, ina majani na kivuli, na kila mwaka inazaa.

Matunda ya asili na matunda ya kuja

Yafaa kwanza tuyapange matunda yetu katika makundi mawili: yaliyokuwapo tangu asili, na yaliyoletwa.

Matunda ya asili ni mengi kuliko vijana wengi wanavyodhani. Mbuyu hutupa ubuyu, na mkwaju hutupa ukwaju. Katika misitu ya miombo ya Unyamwezi na ya Nyanda za Juu za Kusini zipo mbula, yapo makusu, matonga na furu. Pwani yapo mabungo. Haya ni matunda yasiyo na mwenyewe. Hayapandwi, hayapaliliwi, na kwa muda mrefu hayakuwa na bei. Ni karamu ya wachungaji, wawindaji, watoto na wapita njia. Tena baadhi yake, kama ubuyu na ukwaju, hukaa siku nyingi pasipo kuharibika. Mtu aliweza kufunga kidogo katika kitambaa na kwenda nacho mbali, akakoroga kwa maji popote alipoweka kambi.

Matunda ya kuja nayo yana nasaba zake. Ndizi asili yake ni kusini-mashariki ya Asia, lakini ilifika kwetu zamani sana, hata Wahaya, Wachaga na Wanyakyusa wakajenga maisha yao yote juu ya mgomba. Mwembe na mfenesi zilitoka upande wa Bara Hindi. Jina fenesi lenyewe lafanana na neno walitumialo Wamarathi kwa tunda hilo hilo. Michungwa na mindimu pia ni ya Asia, na vivyo hivyo mishokishoki na midoriani ya Unguja. Baada ya Wareno kuziunganisha bahari, yalikuja matunda ya Marekani ya kitropiki: nanasi, papai, pera, stafeli na bibo la mkorosho. Nanasi lilikuja na jina lake la Kireno. Pera nalo lina jina la Kireno, ingawa Wareno wenyewe hulitumia neno hilo kwa tunda jingine kabisa.

Twaona basi kwamba tunda la msafiri lilikuwa nalo ni msafiri. Lilivuka bahari katika majahazi na merikebu, likapanda bara mikononi mwa watu, likaota mahali lilipotupwa au lilipopandwa, mpaka likawa mwenyeji. Leo hakuna mtoto wa Kitanzania anayemwita mwembe mgeni.

Wageni wa baharini

Ushahidi wa kale ulio wazi juu ya matunda ya pwani yetu umetoka kwa msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331. Mogadishu alipokewa kama mgeni wa heshima, akapewa wali wa samli na vitoweo vyake. Pamoja na hivyo aliletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, ya pilipili, ya tangawizi na ya maembe. Alieleza jinsi embe bivu lilivyo tamu na bichi lilivyo kali. Mombasa alilala usiku mmoja tu kabla ya kwenda Kilwa, lakini aliona migomba na miti ya jamii ya ndimu, na tunda tamu mfano wa zeituni ambalo alitaja jina lake kuwa jammun. Wataalamu hulifananisha na zambarau la leo. Aliandika pia kwamba watu wa Mombasa hawakuwa wakilima nafaka kisiwani, bali iliwafikia kutoka ng'ambo, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki.

Tulitafakari neno hilo. Kwa mgeni aliyekirimiwa, ndizi na embe vilikuwa kitoweo cha kuchangamsha wali. Kwa mwenyeji wa kawaida, ndizi ilikuwa ndiyo mlo. Tofauti hii tutaiona tena na tena katika historia hii: kitu kimoja ni anasa kwa mmoja na ni riziki kwa mwingine.

Miaka mia moja na sitini na saba baadaye, mwezi Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilifika katika maji yetu. Moja yake, iliyoitwa São Rafael, ilikwama juu ya mwamba karibu na Mtangata, kusini ya mji wa Tanga wa leo. Ilipokuwa imekaa kavu, zilikuja mashua mbili za wenyeji, na moja ilijaa machungwa. Mwandishi wa shajara ya safari hiyo alikiri kwamba machungwa hayo yalikuwa bora kuliko ya Ureno. Siku chache baadaye mfalme wa Mombasa naye aliwapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa.

Zawadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko walivyojua waliotoa na waliopokea. Mabaharia wa siku hizo walikula mikate mikavu na nyama ya chumvi kwa miezi mingi, wakapatwa na kiseyeye: ufizi huvimba na kutoka damu, miguu huvimba, nguvu hukatika, na mwisho mtu hufa. Walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi walikaa baharini karibu miezi mitatu, wakafa watu wapatao 30. Walipotia nanga Malindi, Januari 1499, wagonjwa waliyatamani machungwa kuliko kitu chochote, nayo yaliletwa. Lakini kwa wengi wao yalikuja yamechelewa. Walikufa pale pale bandarini. Watu wakawa wachache hata merikebu tatu hazikuweza kuendeshwa, na ile São Rafael ikachomwa moto katika maji yale yale ya Mtangata ilipokwama mara ya kwanza.

Sayansi ya Ulaya ilichukua muda mrefu kuuthibitisha ukweli ambao machungwa yale yaliubeba. Mwaka 1747 tabibu wa Kiskoti, James Lind, aliwajaribu mabaharia 12 wenye kiseyeye, akawagawa wawili wawili na kuwapa dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo, jeshi la maji la Uingereza lilianza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau kwa amri mwaka 1795, yaani karibu miaka 50 baadaye. Kile tukiitacho leo vitamini C kilikuja kutambuliwa katika karne ya ishirini. Hatusemi kwamba wazee wetu wa Mtangata waliijua vitamini C. Tunasema tu kwamba desturi yao ya kumpelekea mgeni tunda, kabla hata ya kumwuliza atokako, ilikuwa na hekima ndani yake.

Miembe ya njia ya misafara

Tukiiacha bahari na kuingia bara, tunaikuta njia kuu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Katika karne ya kumi na tisa njia hii ilipitwa na maelfu ya watu kila mwaka. Wengi wao walikuwa wapagazi, hasa Wanyamwezi, waliochukua mzigo wa kilo 30 hivi begani. Richard Burton aliondoka pwani mwezi Juni 1857 akafika Tabora mwezi Novemba, na Ujiji aliifikia Februari 1858. Yeye mara nyingi alibebwa au alipanda punda. Waliomchukulia vitu vyake walikwenda kwa miguu.

Mpagazi alipewa posho. Kipimo kilichojulikana sana kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au kipande cha kitambaa au shanga za kununulia chakula vijijini. Posho hiyo ilikuwa haba. Ilipopungua, au mwenye msafara alipokuwa bahili, au njaa ilipokuwa imeingia katika nchi, mpagazi alijitafutia mwenyewe. Hapo ndipo mbula, ukwaju na furu za porini zilipokuwa posho ya pili, isiyotolewa na bwana yeyote.

Na hapo ndipo ulipoingia mwembe. Wafanyabiashara wa pwani waliojenga Tabora na Ujiji walipanda miembe kuzunguka nyumba zao na katika vituo vyao, kwa ajili ya tunda na kivuli. Wapita njia nao walikula wakatupa makokwa, na mengine yakaota. Hivyo miembe ikafuata njia, toka pwani hata ziwani. Wanyamwezi wengi walipenda kurejea kwao kabla ya mvua za kupandia, na embe la Unyamwezi huanza kuiva mvua zinapokaribia. Tunaweza kukisia furaha ya mtu aliyetembea kutoka Bagamoyo, vitambaa vyake vya ujira vikiwa vimepungua njiani kwa kununua chakula, alipouona mwembe wa kwanza wa Tabora umeinama kwa matunda.

Lakini haitupasi kuipamba njia hii. Chini ya miembe hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo. Walitolewa makwao wapelekwe pwani na Unguja, ambako soko la watumwa halikufungwa mpaka mwaka 1873. Baadhi ya mikono iliyopanda miembe ile ndiyo iliyoshika mijeledi. Hao mateka hawakuwa na posho ya kudai, wala shanga ya kununulia ndizi. Kwao embe lililoanguka njiani, kama waliruhusiwa kuinama kuliokota, halikuwa starehe, bali tofauti kati ya kufika na kutofika. Kwa hiyo tunapowapeleka wanafunzi kuiona miembe ya Bagamoyo, Tabora au Ujiji, tuwaambie yote mawili: kwamba mti huu ulimpumzisha mpagazi, na kwamba mti huu ulishuhudia dhuluma. Mti wenyewe hauna kosa, ni shahidi.

Ujiji wageni huonyeshwa mahali ambapo Stanley na Livingstone walikutana mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wa asili umekwisha kufa, na iliyopo sasa husemwa kuwa ni kizazi chake. Sisi tungependa wanafunzi wakumbuke mti mwingine pia. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, wafuasi wake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mti ule waliouchagua ulikuwa mbula, yaani mti wa tunda la porini linalowashibisha wapita njia katika nchi zote za miombo. Jacob Wainwright, mmoja wao, alichonga maandishi katika gamba lake.

Reli na fungu la stesheni

Wadachi walipoitawala Tanganyika walijenga reli. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Moshi mwaka 1911. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Kusudi lao lilikuwa kuvuta mali ya nchi na kupitisha majeshi. Lakini kila kitu kikiisha kujengwa hupata matumizi ambayo mjenzi hakuyapanga.

Safari ya miezi ikawa safari ya siku. Vijiji vingi vilivyoishi kwa kuuzia misafara chakula vilififia, na mahali pao palichukuliwa na stesheni. Kila treni iliposimama, akina mama na watoto walitoka na mabeseni, nyungo na vikapu, wakajipanga chini ya madirisha ya daraja la tatu. Daraja la kwanza lilikuwa na behewa la chakula. Daraja la tatu lilikuwa na dirisha.

Msafiri aliyeijua reli ya kati alijifunza jiografia kwa ulimi. Morogoro ilikuwa ndizi na machungwa yaliyoteremshwa kutoka milima ya Uluguru. Dodoma ilikuwa ubuyu, ukwaju na, katika miaka ya baadaye, zabibu. Itigi ilikuwa asali, Tabora ilikuwa maembe, Uvinza ilikuwa chumvi, na Kigoma ndizi tena, pamoja na mawese na dagaa. Reli ya Tanga ilikuwa na machungwa ya Muheza, ambayo hayako mbali na ile pwani ya Mtangata yalikotoka machungwa ya mwaka 1498. Reli ya Uhuru kwenda Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ilifungua soko la namna hiyo katika Bonde la Kilombero na kuendelea hata Mbeya.

Biashara ya dirishani ilikuwa na kanuni zake. Matunda hayakupimwa kwa mizani. Yalipangwa kwa mafungu, na fungu ndilo hesabu ya mnyonge. Mwenye senti chache hakuambiwa arudi na pesa zaidi. Alitafutiwa fungu dogo. Ndizi iliuzwa kwa chane, na kama chane ilimshinda mtu, alikatiwa mbili tatu. Mnunuzi wa mara nyingi hakukosa nyongeza. Tena kulikuwa na uaminifu unaostahili kuelezwa katika vitabu vyetu vya uraia. Filimbi ilipolia kabla mauzo hayajakwisha, ama tunda lilikuwa ndani na pesa bado, ama pesa ilikuwa nje na tunda bado. Tulishuhudia mara nyingi muuzaji, mara nyingine mtoto wa miaka kumi, akikimbia sambamba na behewa ili atimize fungu la mtu ambaye hatamwona tena maishani. Tulishuhudia pia abiria wakirusha sarafu zao mchangani treni ikiwa imekwisha kushika mwendo. Walikuwepo wadanganyifu, pande zote mbili. Lakini walisemwa behewa zima, na hiyo yaonyesha kwamba hawakuwa ndio kawaida.

Waranti na embe moja

Kizazi chetu, tuliosoma sekondari katika miaka ya 1980, kina deni la pekee kwa tunda la njiani. Serikali ilikuwa na siasa ya kuwachanganya vijana wa mikoa yote, ili mtoto wa Kagera asome Ruvuma, na mtoto wa Mtwara asome Tabora. Mwanafunzi alipewa waranti ya treni au basi, akafunga sanduku lake la bati, akaondoka. Waranti ililipia nauli. Haikulipia chakula.

Tena nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeigharimu nchi sana, na bei za mazao yetu katika soko la dunia zilikuwa zimeanguka. Sukari, sabuni na unga wa ngano vilipatikana kwa foleni. Mkate ulikuwa habari ya kusimuliwa. Lakini mwembe haukujua uhaba, wala mpapai haukuhitaji fedha za kigeni. Katika safari ya siku mbili au tatu, kijana mwenye shilingi chache aliweza kushiba kwa ndizi asubuhi, machungwa mchana na embe jioni.

Wala hakula peke yake. Wanafunzi sita wa behewa moja walichanga sarafu, wakanunua kwa pamoja, wakagawana kwa kisu kimoja. Mtoto wa pwani alimfundisha wa bara kulila fenesi bila kunasa kwa ulimbo, kwa kujipaka mafuta mikononi kwanza. Mtoto wa Njombe alieleza makusu, na mtoto wa Unguja alieleza shokishoki kwa wenzake ambao hawajapata kuliona. Hivyo umoja wa taifa, ambao tuliuimba katika gwaride, tuliuonja pia kwenye benchi la mbao la daraja la tatu. Hatudhani kwamba tunatia chumvi tukisema kwamba wengine kati yetu waliwajua Watanzania wenzao kwanza kwa njia hiyo.

Adabu ya tunda

Sasa tutazame adabu zinazoliongoza jambo hili, maana tunda lisilo na adabu ni wizi tu.

Katika sehemu nyingi za pwani, mti na ardhi ni mali mbili mbalimbali. Mtu aweza kuwa na mnazi au mwembe uliosimama katika kiwanja cha mwingine, akaurithi, akauuza, au akauweka rehani. Kwa hiyo hakuna mti wa matunda uliopandwa usio na mwenyewe, hata kama umesimama peke yake porini. Juu ya haki hiyo, hata hivyo, desturi iliweka haki nyingine: mpita njia mwenye njaa aweza kula lililoanguka, pale pale shinani, lakini asibebe. Anayekula chini ya mti ni mgeni. Anayejaza mfuko ni mwivi. Wala haimpasi kupopoa yaliyo mabichi, kwa kuwa mvumilivu hula mbivu, naye asiye mvumilivu huwanyima wengine. Na kama nyumba i karibu, apige hodi na kuamkia. Aghalabu atapewa zaidi ya alilotaka kuokota.

Kwa nini desturi hii iliota katika matunda kuliko katika mtama au mpunga? Wahenga wamesema akiba haiozi. Nafaka huwekwa ghalani ikangoja mwaka wa njaa. Ni haki mwenyewe kuihesabu. Lakini embe la msimu huiva pamoja na wenzake, na kwa siku chache huoza. Kulilinda kwa ubahili hakumwongezei mwenyewe kitu. Akiba ya tunda haiwekwi ghalani, bali huwekwa tumboni mwa jirani na mgeni, ikarudi siku nyingine kwa sura ya wema.

Lakini hapa hatuna budi kusema neno lisilo tamu. Wepesi wa bei anaoufurahia msafiri mara nyingi ni hasara ya mkulima. Msimu wa machungwa au wa maembe unapochanganya, matunda hujaa kando ya barabara, walanguzi hutaja bei wanayoitaka, na yasiyouzwa huoza chini ya miti. Viwanda vya kusindika matunda vilianzishwa nchini, na vingine vikafa. Mama anayekuuzia fungu kwa bei ya kutupa amelipalilia shamba mwaka mzima. Basi msafiri mwenye adabu, hata kama ni mnyonge, hapunguzi bei mpaka chini ya heshima ya jasho. Kuombana bei ni desturi. Kumkamua mtu ambaye treni i karibu kuondoka si desturi.

Wajibu wetu

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa saa chache, na vituo vidogo vingi huvipita tu. Mabasi nayo husimama katika vituo vichache, na vijana wengi hununua kinywaji cha chupa chenye picha ya embe kuliko embe lenyewe. Hatulaumu maendeleo. Aliyebeba mzigo wa kilo 30 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji angeishangilia treni hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini yatupasa tujue ni kitu gani twakipita kwa kasi, ili tuamue wenyewe kipi kiachwe na kipi kichukuliwe.

Njia ya Bagamoyo na Ujiji ipo katika orodha ya awali ya urithi iliyopelekwa UNESCO mwaka 2006. Lakini miembe yake mingi haina kibao wala mlinzi. Mingine huanguka kwa uzee, mingine hukatwa ili barabara ipanuliwe au mkaa uchomwe, na mwembe wa karne nzima huangushwa kwa asubuhi moja.

Kwa walimu tuna pendekezo jepesi, lisilohitaji fedha. Wanafunzi watumwe kuihesabu miti mikongwe ya matunda iliyo karibu na shule, wawaulize wazee ni nani aliyeipanda na ni nani aliyekuwa akipumzika chini yake, na waandike majibu. Waandike pia majina ya matunda ya porini kwa lugha za mahali hapo pamoja na Kiswahili, kabla hayajasahauliwa pamoja na misitu yake. Somo hilo litakuwa la historia, la elimu ya mimea na la lugha kwa wakati mmoja.

Kwa vijana tunalo neno moja. Mkiwa safarini mkala tunda, kokwa lake msilitupe lamini wala mtaroni. Lifukieni kando ya njia, mahali penye udongo. Wapo waliofanya hivyo kabla yenu, wengine kwa kukusudia na wengine kwa bahati, wala hawakungoja kuonja. Sisi tulikula kwa ajili yao. Haki yaitaka kila msafiri amwachie anayemfuata kivuli na tunda.